UZI: Kukamata ishara katika tamthilia, riwaya na filamu. Fuata kitu kwanza, maana iandike mwisho

KalamuNyekundu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Maswali mengi ya ishara yanayoletwa hapa yana sura moja: "Rangi nyekundu inaashiria nini?" "Huyu bundi ana maana gani?" Ukianza hivyo umeshapotea, kwa sababu unaulizia kamusi, na kamusi hiyo haipo. Bundi wa kazi hii si bundi wa kazi ile. Kitu hupata maana kutokana na yanayokipata humo ndani: kimetoka kwa nani, kimekwenda kwa nani, kimewekwa wapi, nani kakishika na nani kakataa kukishika.

Nitachukua mfano mmoja niuchambue hadi chini, kuliko kuleta kumi nusunusu. Filamu ni *La Noire de...* ya Ousmane Sembène wa Senegal, ya mwaka 1966. Ni ya rangi nyeusi na nyeupe na haizidi sana saa moja, kwa hiyo hata mwenye bando dogo anaimudu. Diouana, binti wa Dakar, anaajiriwa na familia ya Kifaransa kulea watoto. Anawafuata waajiri hadi Antibes, kusini mwa Ufaransa, na huko anageuzwa mpishi, mfuaji na msafishaji asiyetoka nje. Mwisho anajiua bafuni. Ndani ya kisa hicho kuna kinyago cha mti, cha kuvaa usoni. Tukifuate.

Kwanza kiko Dakar, mikononi mwa mtoto. Ni kitu cha kuchezea.

Diouana anakipeleka kwa bibi mwajiri kama zawadi, kwa furaha ya kupata kazi. Kwenye nyumba ile ya Dakar kinawekwa pamoja na vinyago vingine.

Antibes kinaning'inia peke yake kwenye ukuta mweupe mtupu.

Diouana anakitungua. Bibi anakitaka, na wanawake wawili wanakivutania.

Diouana akishakufa, bwana anakirudisha Dakar pamoja na sanduku la marehemu na fedha zake. Mama mzazi anazikataa fedha. Mtoto anachukua kinyago, anakivaa, anamfuata bwana yule nyuma kwa nyuma mpaka anakimbilia gari lake. Mwishoni mtoto anakishusha, tunauona uso wake.

Sasa hesabu mikono: mtoto, Diouana, bibi, Diouana, bwana, mtoto. Kimezunguka kikarudi kwa aliyekuwa nacho, lakini hakikurudi kilekile. Mwanzo kilikuwa cha mchezo. Mwisho mtu mzima anakikimbia. Tazama pia kwamba katika tukio moja fedha zimekataliwa na kinyago kimepokewa. Sembène ameviweka vitu viwili mkononi mwa mtu mmoja, halafu akaionyesha familia ikichagua. Anayeandika "kinyago kinaashiria utamaduni wa Kiafrika" hajakosea sana, ila amesema jambo ambalo angeweza kulisema bila kuitazama filamu.

Karibuni tuendelee.

---

BintiWaMwambao

Mkuu, nakuunga mkono kwa njia yako, ila umepanga matukio kwa jinsi yalivyotokea, na filamu haiendi hivyo. Inaanza Diouana akiwasili Ufaransa kwa meli. Kinyago tunakutana nacho kwanza kikiwa kwenye ukuta wa Antibes. Kwamba kilitolewa zawadi tunakujaambiwa baadaye kwa kisengere nyuma, yaani filamu inarudi kuonyesha yaliyotangulia.

Hii si tofauti ndogo. Maana yake mtazamaji anakiona kwanza kama anavyokiona bibi: pambo la ukutani. Ndipo anaambiwa kilikuwa cha mtu na kilitolewa kwa moyo. Macho yetu yameingizwa kwenye kosa la bibi kabla hatujaonyeshwa kuwa ni kosa. Kwa hiyo kwenye daftari weka safu mbili, moja ya mpangilio wa kisa na nyingine ya mpangilio wa skrini. Pale safu hizo zinapopishana ndipo mwongozaji alipofanya kazi yake kwa makusudi, na ndipo pa kuchimba.

La pili ni sauti. Anayeonekana ni M'Bissine Thérèse Diop, lakini sauti ya mawazo yake tunayoisikia ni ya Toto Bissainthe, msanii wa Haiti. Mbele ya waajiri mdomo hauzidi maneno mawili matatu, huku ndani yanapita maneno mengi. Uso umetulia, sauti inatoka nyuma yake. Yaani Diouana mwenyewe amefanywa kinyago. Ukiviweka pamoja na tukio la barua, pale bwana anapomwandikia Diouana majibu ya barua ya mama yake kwa jina lake, naye Diouana akaichana barua hiyo ya mama, unaona ni wazo lilelile: kuna mtu anasema kwa kupitia uso wako.

Ishara kubwa haikai peke yake. Ukiona moja, tafuta vitu vingine viwili vinavyofanya kazi kama yake.

---

Mhakiki_Nakuru

Hamjambo nyote. Swali kuhusu istilahi, kwa sababu wanafunzi wa huku Kenya huchanganyikiwa wakisoma vitabu vya uhakiki kutoka Tanzania. Sisi tuna *taashira* na *jazanda*. Huko naona *ishara*, *taswira* na *sitiari*. Je, haya yote ni kitu kimoja? Na *istiara* iko wapi?

---

KalamuNyekundu

Mwalimu, karibu sana. Majina yanavuka mpaka vibaya, ni kweli, na istiara ndiyo inayosumbua zaidi kwa sababu wengine wanaitumia kwa maana ileile ya sitiari. Mimi hutenganisha kwa kuangalia kazi inayofanywa, si jina.

Sitiari inaishia kwenye sentensi. "Mtoto huyu ni simba": hakuna simba mahali popote kwenye kisa, kuna mtoto tu.

Ishara, au taashira kama mnavyoiita, lazima kitu chenyewe kiwepo. Kinyago kipo, kina uzito, kinaweza kuanguka na kuvunjika. Kwanza ni kinyago, halafu ndiyo kinabeba jambo jingine. Ukiondoa jambo hilo jingine, kisa bado kinaeleweka.

Kisa kizima kikiwa kimejengwa kusimamia jambo jingine, kila kipande na mwenzake, hapo ndipo mimi natumia istiara. *Kusadikika* ya Shaaban Robert, 1951, ni mfano safi. Nchi inaelea angani. Mshtakiwa ni Karama, mshtaki ni Majivuno, na wajumbe sita waliotumwa pande sita ni Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Hapo huhitaji kuwinda. Ukijua maana ya jina umeshamjua mhusika. Kosa la wengi ni kuichambua tamthilia yenye ishara kana kwamba ni *Kusadikika*, wakamtafutia kila mhusika na kila kiti "anawakilisha nani". Wanaishia na orodha ndefu isiyo na hoja.

Jazanda naiacha kwako, Mwalimu, maana huku haitumiki sana.

---

Mhakiki_Nakuru

Shukrani. Jazanda kwetu ni picha inayojengwa kwa maneno ili kufananisha, na ikirudiwarudiwa hadi ikabeba dhamira inaanza kufanya kazi ya taashira. Kwa mtahiniwa ushauri ni huu: tumia istilahi iliyotumika kwenye swali, usibadilishe katikati ya jibu.

---

Mlima_Uluguru

Naomba msaada kwa wajuzi. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein. Kila mwongozo wa uhakiki unasema "maji yanaashiria umoja". Inatosha? Na kama haitoshi, nafuataje maji? Kinyago nakiona kikipita mkononi, maji hayashikiki.

---

BintiWaMwambao

Swali zuri mno, ndugu yangu. Haitoshi, na tamthilia yenyewe inakuonyesha kwa nini haitoshi.

Maji yafuate kwa kuuliza: hapa yanafanya nini, na nani anayaamini? Tamthilia hii ilitoka 1969 na inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Fungua pale Kinjeketile anapoingia mtoni. Anapotelea majini, na siku ya pili anatoka akiwa mkavu. Simama hapo. Maji ya kwanza kabisa ya tamthilia hii ni maji yasiyolowesha. Ahadi ya baadaye, kwamba risasi haitaingia mwilini, imeshafanyika mbele ya macho ya watu kwa sura nyingine: kitu kinachopaswa kuingia hakikuingia. Ndiyo maana watu wanaamini. Wameona.

Hatua ya pili, maji ni dawa inayowakutanisha watu wa makabila yaliyokuwa yakitazamana kwa jicho baya. Huu ndio umoja wa kwenye miongozo. Ni kweli, lakini ni kituo kimoja cha safari.

Hatua ya tatu, ufa. Kinjeketile mwenyewe anayarudia maneno aliyoyapokea kwa Hongo, pepo wa mtoni, na humo mna kwamba Wajerumani wakishaondoka watu watakuwa watoto wa Seyyid Said, yaani sultani wa Zanzibar. Anashtuka. Yule aliyeleta maji ndiye wa kwanza kuyatilia shaka, huku watu wakizidi kuyashika. Kuanzia hapo maji si yake tena. Chora mistari miwili daftarini, imani ya Kinjeketile na imani ya watu, uone jinsi mmoja unavyoshuka na mwingine unavyopanda. Mahali inapokatana ndipo penye mgogoro wa tamthilia.

Hatua ya nne, maji yameshindwa vitani. Mjerumani anamtaka Kinjeketile atamke kwamba yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa sababu neno limeshazaliwa. Tazama kilichotokea: maji yamekuwa neno. Msikilizaji wa Kiswahili ana methali yake tayari masikioni, *maji yakimwagika hayazoleki*. Mwandishi hakuhitaji kuitaja. Neno lililotoka halirudi kinywani kama maji yasivyorudi mtungini, na hapo kisichozoleka ndicho kilichobaki kwa ajili ya watoto.

Jambo dogo la lugha, lisikupite. Watu wanapewa *maji*, na risasi zitageuka *maji*. Ni neno moja kwa kinga na kwa kinachokingwa. Mtu anayesoma tafsiri atalipata hilo pia, lakini wewe unalisikia bila kuambiwa.

---

Mlima_Uluguru

Nimeelewa. Kumbe jibu la "umoja" ni kama kushuka kituo cha pili cha daladala na kusema umefika mwisho wa gari.

---

Sanaa_Mombasa

Niongezee upande wa rangi na mavazi, kwa sababu hapo ndipo watu hubeba maana za vitabu vya kigeni wakazipandikiza kwenye kazi za pwani.

Wanakariri kuwa nyeupe ni usafi. Pwani nyeupe ni kanzu ya Ijumaa, na nyeupe ni sanda. Shuka jeupe likianikwa kwenye kamba katika filamu ya Lamu au Unguja, mtazamaji wa hapa anaweza kuwaza harusi au maziko, na mwongozaji anayejua kazi yake atakuacha uning'inie baina ya hayo mawili. Nyekundu ni hivyohivyo: kwa mganga ni kitambaa cha pepo, kwenye kisa cha Zanzibar kabla ya 1963 inaweza kuwa bendera ya Sultani, na kwenye kisutu cha bibi harusi inakuja pamoja na nyeusi na nyeupe. Amua kwa muktadha wa tukio lenyewe.

Kanga je? Ukiona kanga kwenye fremu, simamisha filamu. Kanga ina pindo, mji na jina. Soma jina. Kisha angalia jina limeelekezwa kwa nani: mke mwenza, mama mkwe, au sisi watazamaji? Linasomeka lote au limekunjwa likakatika? Mara nyingi mpangaji mavazi ameweka pale mazungumzo kamili ambayo hayamo kwenye maandishi ya chini ya skrini. Lakini tahadhari: kanga isiyosomeka, iliyovaliwa na mpita njia mara moja, ni vazi tu.

---

Mchora_Ramani

Hapo kwenye "vazi tu" ndipo ninapotaka kubana. Mnajuaje kwamba hamjazusha? Mwandishi pengine hakukusudia lolote.

Mfano maarufu ni machungwa ya *The Godfather* ya 1972. Watazamaji waliona kwamba chungwa likitokea, mauti yako karibu: Vito Corleone anapigwa risasi akiwa ananunua machungwa, na anakufa bustanini baada ya kucheza na mjukuu akiwa ameweka kipande cha chungwa mdomoni. Maelezo ya upande wa ubunifu wa mandhari ni kwamba yaliwekwa kuchangamsha rangi katika filamu yenye giza jingi. Sasa ni ishara au si ishara?

---

KalamuNyekundu

Umebana panapostahili, mkuu. Nia ya msanii ni ushahidi mmojawapo, si hukumu. Machungwa yaliingia kwa sababu ya rangi, sawa. Lakini yakishakaa kwenye tukio la risasi na tena kwenye tukio la kifo, mtazamaji ana haki ya kuyaunganisha, kwa sababu yameunganishwa kwenye kazi yenyewe. Asichoruhusiwa ni kuruka kutoka "yanaambatana na mauti" hadi "chungwa ni dhambi ya asili", kwa sababu cha pili hakina tukio hata moja la kukishika.

Vipimo ninavyotumia ni vitatu, na kitu kisipopita viwili nakiacha.

Cha kwanza ni marudio au uzito wa mahali. Kitu kijitokeze walau mara tatu, au mara moja tu lakini mwanzoni, kileleni au mwishoni.

Cha pili ni kubadilisha. Kiondoe kinyago cha Diouana, weka saa ya ukutani. Kuvutana kwa wanawake wawili bado kunawezekana. Mtoto kumfuata bwana na saa mkononi? Tukio linakufa. Kitu kimejilipia nafasi yake.

Cha tatu ni mabadiliko. Kati ya kuonekana kwa kwanza na kwa mwisho kuna lililobadilika: mwenye nacho, mahali pake, hali yake au anavyotazamwa. Kitu kinachorudi vilevile kila mara huenda ni pambo, au motifu, yaani kitu kinachojirudia kutia hali fulani tu.

Machungwa yanapita cha kwanza vizuri, cha pili kwa shida, cha tatu sioni. Mimi nayaita motifu. Atakayeonyesha vingine kwa tukio na dakika, nitamsikiliza.

---

Mchora_Ramani

Nimeridhika na vipimo, ingawa cha pili naona kinaonea vitu vya kawaida. Maji ya kunywa katika filamu ya ukame huwezi kuyabadilisha na chochote, lakini si lazima yawe ishara.

---

KalamuNyekundu

Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema viwili kati ya vitatu. Cha pili peke yake hakitoshi.

---

Sanaa_Mombasa

Kwa wanaoanza na filamu, utaratibu unaofanya kazi ni kutazama mara tatu. Mara ya kwanza bila kalamu, uone kinachokugusa. Mara ya pili sitisha kila kitu chako kinapotokea, uandike dakika na sekunde, nani anacho, nini kimetokea sekunde chache kabla na chache baada. Hizo chache za kabla na baada ndizo watu wanazoziruka, na huko ndiko uhariri unakosema: shoti ya kinyago ikikatwa kwenda kwenye uso wa Diouana, vimefananishwa bila neno. Mara ya tatu tazama vipande hivyo tu, sauti ukiwa umeizima. Kisha visikilize bila kuangalia.

Kwenye kila shoti andika pia ukubwa wake. Kitu kilichopigwa picha ya karibu kimetiliwa mkazo na mtengenezaji. Kikiwa nyuma, pembeni, kimefifia, huenda ni cha chumba tu. Huenda. Ukuta wa Antibes ni wa nyuma, na bado weupe wake unabana filamu nzima.

---

Mlima_Uluguru

La mwisho kwangu. Nikishakuwa na jedwali, aya inaandikwaje? Nimejaribu hii kwa tamthilia ya *Kivuli Kinaishi* ya Said Ahmed Mohamed:

"Mwandishi ametumia ishara ya unga wa ndere. Unga wa ndere unaashiria propaganda. Hii inaonyesha uongozi mbaya katika nchi nyingi za Afrika. Pia Giningi inaashiria nchi yenye uongozi mbaya."

---

Mhakiki_Nakuru

Mwanangu, umejitahidi, na hili la ndere umelikamata penyewe. Makosa ni matatu. Umetoa maana kabla ya ushahidi. Umeruka kutoka kwenye unga hadi "nchi nyingi za Afrika" bila daraja. Na umeleta ishara ya pili kabla hujaimaliza ya kwanza. Giningi iwe na aya yake, tena inastahili, maana kwa wasimulizi wa visiwani ni mji wa wachawi.

Jaribu hivi, kisha uijaze kwa kurasa zako:

"Katika Giningi ya Bi Kirembwe, watu hulishwa unga wa ndere, nao hubaki mazuzu wasiohoji. Unga ni chakula cha kila siku, kitu ambacho mlaji hupokea kwa mkono wake mwenyewe bila kulazimishwa. Ndere, kwa imani ya jamii, ni dawa ya kumteka mtu akili. Kwa kuviunganisha viwili hivi, mwandishi anaonyesha utawala usiohitaji pingu, kwa kuwa watawaliwa huumeza utii pamoja na mlo. Ndiyo maana anayeanza kuuliza maswali huwa hatari kwa Bi Kirembwe kuliko mwenye silaha."

Angalia mpangilio: tukio, sifa za kitu chenyewe, kinachotokea sifa hizo zikikutana, halafu athari kwa mgogoro. Neno "inaashiria" halimo hata mara moja na bado ishara imechambuliwa. Maneno sabini hadi mia yanatosha kwa ishara moja kama alama ni nne au tano. Kwa insha ya alama ishirini, chukua ishara moja katika vituo vyake vinne kama Binti alivyofanya na maji, kila kituo na aya yake.

---

BintiWaMwambao

Nakubali yote, Mwalimu, isipokuwa niongeze kwenye aya yako: atafute pia nani *hali* unga huo. Kwenye kila ishara ya kulishwa, asiyekula ndiye anayekufungulia mlango.

---

Mlima_Uluguru

Asanteni sana walimu wangu. Narudi kwenye kitabu leo usiku, nitaleta jedwali lote hapa: nani amekula, nani hakula, na ukurasa wake.